Kabla Sindano Haijatoka Kwenye Pakiti: Tathmini ya Chumba cha Kutoga na Kuchora Tatuu Ngamiani, Tanga

Mjini Tanga kijana anayetaka kutoga sikio hana haja ya kwenda mbali. Saluni za Ngamiani na Makorora zina bunduki za kutogea, wauza hereni wa sokoni wanazo, na wapo masonara ambao hadi leo humtoga mteja palepale anaponunulia hereni. Tatuu nayo imeenea kuliko wazazi wengi wanavyodhani: vijana huchorana vyumbani mwao kwa mashine ndogo zilizoagizwa mtandaoni, na mara nyingi mchoraji hamzidi mchorwaji umri wala ujuzi. Chumba ninachokiandikia hapa kinatofautiana na hivyo vyote kwa jambo moja. Hakipokei fedha kabla ya kumkalisha mteja na kumweleza, kwa takriban nusu saa, nini kitatokea mwilini mwake, nini kinaweza kuharibika, na vitu gani ana haki ya kuonyeshwa kabla hajaguswa. Kijana anaweza kuja kusikiliza maelezo hayo hata kama hana nia ya kutoga wala kuchorwa chochote, na hadaiwi shilingi.

Jina la chumba silitaji, kwa kuwa tathmini hii ina lawama pamoja na sifa, na ninachotaka ni wasomaji wajue cha kuangalia popote watakapokwenda. Nilifika pale na wasichana wawili wa sekondari: binti wa kaka yangu, aliyetaka hereni ya juu ya sikio, kwenye gegedu, yaani ile sehemu ngumu inayolipa sikio umbo, na binti wa jirani yangu, aliyetaka tundu la pili kwenye ndewe, pale chini ya sikio. Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa kutoga ndewe na pua, huduma yao ni ya kuaminika. Kwa tatuu, bado kuna mambo ya kurekebishwa. Na lipo pambo moja la mwili, linalotumika Tanga kuliko yote hayo, ambalo somo lao halikuligusa kabisa.

Fundi huanza na joto, na nadhani hiyo ndiyo sehemu bora ya somo. Kifaa cha kwanza anachoonyesha ni mashine ya mvuke wa shinikizo, ambayo hospitalini huitwa otoklevu na ambayo kwa umbo haiko mbali sana na sufuria ya presha ya kuchemshia maharage. Maji yanayochemka kwenye sufuria ya kawaida hayavuki nyuzijoto 100, na wapo bakteria, akiwamo yule wa pepopunda, ambao hujifungia katika mbegu sugu ziitwazo spora na kulivumilia joto hilo. Mvuke unapobanwa, joto hupanda hadi nyuzijoto 121, na vifaa vikikaa ndani yake kwa dakika zisizopungua 15 hata spora hufa; mashine zinazofika nyuzijoto 134 huhitaji dakika chache tu. Baada ya hapo aliwaeleza wasichana, bila kumtaja mtu, kwa nini kupitisha sindano kwenye moto wa mshumaa, kuifuta kwa spiriti au kuiloweka kwenye jiki hakutoshi. Akaeleza pia habari ya kisanduku chenye taa ya buluu kinachoonekana katika saluni nyingi. Mwanga ule hufanya kazi pale tu unapogusa moja kwa moja, hivyo upande wa chini wa kifaa na kila palipo na kivuli hubaki kama palivyokuwa. Taa hiyo huwatia watu imani kubwa, na nilifurahi kuona inaelezwa kwa vijana kwa uwazi kiasi hicho.

Binti wa jirani aliuliza swali ambalo vijana wengi wanalo moyoni. “Fundi, si tunachotakiwa kuogopa ni Ukimwi tu?” Alijibiwa kwamba Ukimwi ni wa kuogopwa, lakini virusi vyake hudhoofika upesi vikiwa nje ya mwili, ilhali virusi vya homa ya ini B huweza kubaki na uwezo wa kuambukiza kwa siku 7 au zaidi ndani ya damu iliyokauka, hata ikiwa kidogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, kwenye meza, kwenye waya wa mashine au kwenye mdomo wa chupa ya wino. Ugonjwa huo unaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili na kuishia kwenye ini lililosinyaa au saratani ya ini. Homa ya ini C nayo huambukizwa kwa damu, na haina chanjo.

Jibu lilikuwa sahihi, ila fundi aliacha jambo ambalo lingemfaa kijana kuliko yote, yaani kwamba homa ya ini B ina chanjo. Nchini kwetu chanjo hiyo iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuipata kamwe. Mtu mzima hupimwa damu kwanza, kisha akikutwa salama hupewa dozi tatu, kwa kawaida ya pili ikiwa mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Anayepanga kuchorwa tatuu baada ya miezi sita au zaidi ana muda wa kutosha kuzimaliza kabla, na ushauri huo ulistahili kutolewa na mtu anayejua kwamba msikilizaji wake ataingiziwa sindano mara maelfu kwa kikao kimoja.

Sindano za pale hutumika mara moja tu. Pakiti hufunguliwa mbele ya mteja, tarehe ya mwisho wa matumizi husomwa kwa sauti, na sindano ikishatumika huingia kwenye boksi la ncha kali la manjano kama yale ya zahanati. Koleo na vibanio, ambavyo hutumika tena, hutolewa kwenye mifuko iliyopita katika mashine, yenye alama inayobadilika rangi. Hapo nina nyongeza. Alama ile huthibitisha tu kwamba mfuko umepata joto. Ushahidi kwamba vijidudu vimekufa hutokana na kipimo cha spora, ambacho huwekwa ndani ya mashine mara kwa mara na matokeo yake kuandikwa kwenye daftari. Niliomba kuliona daftari hilo na sikuonyeshwa. Fundi alikiri kwa adabu kwamba huangalia alama ya rangi peke yake.

Kuhusu tofauti ya sindano na bunduki, maelezo yalikuwa marefu na yalistahili kuwa hivyo. Sindano ya kutogea ina tundu ndani na makali mbele, kwa hiyo hukata njia safi ambayo hereni huifuata. Bunduki haikati, husukuma kwa nguvu ya springi hereni yenye ncha butu hadi ipenye, na nyama inayozunguka tundu hupondeka. Isitoshe, bunduki nyingi zina sehemu za plastiki ambazo zingeyeyuka ndani ya otoklevu, ndiyo maana hupanguswa kwa spiriti tu kati ya sikio la mteja mmoja na la mwingine. Kwenye ndewe, ambayo ni nyama laini yenye damu ya kutosha, wengi hupona bila shida, na ndiyo sababu bunduki imedumu. Kwenye gegedu mambo hugeuka. Gegedu haina mishipa yake ya damu. Hulishwa na utando unaoifunika, na utando huo ukijeruhiwa na bakteria kama Pseudomonas wakaingia, usaha hujikusanya, gegedu hufa, na sikio linaweza kusinyaa na kupoteza umbo lake moja kwa moja.

Baada ya kuyasikia hayo yote nilishangaa kuiona bunduki kwenye kabati la mbele. Nilipouliza, niliambiwa ni kwa ajili ya watoto wachanga, kwa sababu kina mama huiomba. Sikubaliani na jambo hili hata kidogo. Anayewafundisha vijana kwamba chombo fulani hakisafishiki hawezi kukitumia kwa mtoto wa miezi mitatu, ambaye kinga yake bado ni changa na ambaye hana uwezo wa kuuliza lolote. Kabati lile linalifuta nusu ya somo lake.

Jambo lililonifanya nimheshimu fundi yule lilihusu binti wa kaka yangu. Kabla ya kushika kifaa chochote, alimuuliza kama yeye au mtu wa familia yake ana kovu lililovimba na kutoka nje ya mipaka ya kidonda. Kaka yangu analo begani, pale alipochanjwa utotoni. Makovu hayo, yaani keloidi, huwapata zaidi watu weusi, hutokea sana kati ya umri wa miaka 10 na 30, hurithiwa katika familia, na sikio ni mojawapo ya sehemu yanapopenda kuota. Yanaweza kuanza miezi kadhaa baada ya kidonda kupona, na kuyakata tu bila tiba nyingine mara nyingi huyarudisha yakiwa makubwa zaidi. Fundi alimwambia wazi: “Mwanangu, fedha yako naitaka, lakini sikio lako sitaligusa.” Msichana alinuna, akanigeukia akisema, “Shangazi, mwambie basi,” nami sikusema kitu. Sijui saluni ngapi mjini hapa zingemrudisha mteja aliyekwishafungua pochi.

Binti wa jirani alitogwa, na kazi ilikuwa safi. Hereni aliyowekewa ni ya titani ya daraja linalotumika kutengeneza vipandikizi vya mifupa, na karatasi ya msambazaji inayotaja kiwango cha ASTM F136 ilikuwapo. Hereni za bei nafuu huwa na nikeli, na nikeli ndiyo chanzo kikubwa cha mzio unaofanya sikio liwashe na kutoa maji miaka na miaka. Dhahabu ya karati 14 na kuendelea inafaa kwa kidonda kipya. Iliyopakwa juu tu haifai, kwani rangi hubanduka na madini ya ndani hugusa nyama. Bei inapanda kwa sababu hiyo: ndewe mbili pamoja na hereni ziligharimu zaidi ya mara tatu ya bei ya saluni iliyo jirani, na naiona ni halali.

Karatasi ya matunzo wanayoitoa imeandikwa kwa Kiswahili kizuri na cha mkato. Inasema ndewe huhitaji wiki 6 hadi 8 kupona, gegedu na kitovu miezi 6 hadi 12, na kwamba kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye gramu 9 za chumvi kwa lita moja, yaani takriban kijiko kimoja na nusu cha chai. Hereni isizungushwe. Spiriti, dawa ya meno na mafuta ya nazi visipakwe. Dalili za kumpeleka mtu hospitali zimetajwa: homa, usaha, wekundu unaotanuka, na maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua.

Karatasi hiyo haitaji bahari, na hilo ni pengo kubwa katika mji ambao vijana wake huishia Raskazone kila Jumapili. Watu wa pwani tumelelewa na imani kwamba maji ya bahari hukausha kidonda. Maji ya bahari si maji ya chumvi yaliyochemshwa. Yana viumbe hai, wakiwamo bakteria wa jamii ya Vibrio, ambao hustawi katika maji yenye joto kama haya yetu. Mwaka 2017 madaktari nchini Marekani waliripoti kifo cha mwanamume wa miaka 31 aliyeogelea Ghuba ya Mexico siku tano baada ya kuchorwa tatuu mguuni, akaingiwa na Vibrio vulnificus. Alikuwa tayari na ugonjwa wa ini, na ini bovu ndilo humfanya bakteria huyo awe wa hatari zaidi. Aliyechorwa au kutogwa akae nje ya bahari hadi ngozi ifunge kabisa, na kwa tatuu hiyo huwa ni wiki mbili hadi nne.

Nimeitaja tatuu, na kwa idhini ya kijana aliyekuwa akichorwa siku ile tulikaa kutazama. Sindano ya tatuu hupeleka wino kina cha milimita 1 hadi 2, kwenye tabaka la ndani la ngozi lenye mishipa ya damu. Ndiyo maana mchoro haupotei ngozi ya juu inapojibadilisha, na ndiyo maana pia kilichomo ndani ya wino hakitoki. Mashine na waya wake vilifunikwa plastiki mpya, wino ulimiminwa kwenye vikombe vidogo vya kutupwa, na fundi alipopokea simu alivua glovu na kuvaa nyingine. Tanga si mgeni wa ngozi iliyochorwa, kwani Wamakonde waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge walifika na nembo zao usoni, lakini nembo zile zilichanjwa na watu waliojulikana na kijiji kizima, wakati wino wa leo husafiri kutoka viwanda ambavyo mteja hatavijua kamwe.

Hapo ndipo nilipoona makosa mawili. Chupa mbili za wino hazikuwa na namba ya toleo wala jina la mtengenezaji. Na fundi alipotaka rangi ya kijivu, aliuzimua wino mweusi kwa maji ya kunywa ya chupa. Maji hayo ni salama tumboni, lakini hayakuuliwa vijidudu vyote kwa kiwango cha kuingizwa chini ya ngozi. Mjini Rochester, jimbo la New York, watu 19 walipata vipele visivyopona mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012 kutokana na bakteria Mycobacterium chelonae. Mchoraji wao alikuwa na glovu na sindano safi. Bakteria alikuwa amekwisha kuingia katika wino wa kijivu kabla haujamfikia, na maji yaliyotumika kuuzimua kiwandani ndiyo yaliyoshukiwa. Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2022, umewekea mipaka maelfu ya kemikali katika wino wa tatuu, kwa hiyo chupa isiyo na lebo inaweza kuwa na kitu ambacho kwingine kimekataliwa. Nilimweleza fundi, naye alisikiliza bila kukasirika. Hadi chupa zile ziondolewe na maji tasa, yaani yaliyouliwa vijidudu vyote, yanunuliwe, singemshauri kijana yeyote kuchorwa pale.

Suala la umri lilinisumbua pia. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na fundi anasema hawachori watoto. Lakini kwa wasichana wangu hakuuliza mimi ni nani wao. Mama wa binti wa jirani alinikabidhi mwanawe kwa ridhaa yake. Fundi hakuwa na njia ya kulijua hilo, na hakuitafuta. Fomu moja ya mzazi, yenye sahihi na namba ya simu, ingetosha. Kwa vijana wa kiume ningeongeza jambo ambalo halikutajwa: matangazo ya ajira za Polisi na Uhamiaji yamekuwa yakiweka sharti kwamba mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini, na wengi hulijua wakiwa wamekwishachelewa. Upande wa dini kila nyumba ina mafundisho yake, nami siuingilii.

Linabaki lile pambo ambalo somo halikuligusa. Ni piko. Nje ya mlango wa chumba hicho, kwenye baraza za majirani, wasichana huchorwa mikono na miguu kwa rangi nyeusi kila msimu wa harusi na kila mkesha wa Idi, wakiwamo watoto wa miaka minne na mitano, na hakuna anayeliona kuwa jambo la kufundishiwa usalama kwa sababu hakuna sindano. Hina halisi, inayosagwa kutokana na majani ya mhina, hutoa rangi ya machungwa ambayo hukolea kuwa nyekundu ya kahawia baada ya siku moja au mbili. Haiwi nyeusi, na haikolei kwa saa moja. Weusi wa piko hutokana na unga wa kupakia nywele, na kemikali inayofanya kazi ndani yake huitwa parafenilinidiamini, au PPD kwa kifupi. Ulaya huiruhusu katika rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na hairuhusu ipakwe kwenye ngozi. Ikipakwa, wapo ambao huota malengelenge yanayofuata mistari yote ya ua, na baada ya kupona huachiwa ua lilelile kwa kovu au kwa baka jeupe.

Madhara yake hayaishii kwenye baka. Mwili ukishaikataa PPD huikataa maisha yote, na kila inapoigusa tena hujibu kwa kasi zaidi. Msichana aliyechorwa piko akiwa na miaka saba anaweza kuja kupaka nywele rangi akiwa na miaka thelathini, uso ukavimba na macho yakafumba, bila yeye kuhusisha mambo hayo mawili. Mzio huo huweza kugusa hata baadhi ya dawa za ganzi na rangi za nguo.

Nilimuuliza fundi kwa nini analiacha jambo hili. Alisema wachoraji wa piko ni majirani zake na baadhi ni jamaa zake, na kwamba hataki kuonekana anawaharibia riziki. Namwelewa, kwa kuwa mtaa ni mmoja na watu hufuturu pamoja. Lakini wachoraji wale ndio wa kwanza kuumia, kwani vidole vyao hukaa ndani ya rangi hiyo tangu asubuhi hadi usiku, na ufundi wao hauhitaji weusi. Mikono inayochora ua zuri kwa piko italichora kwa hina. Nimemwomba awaalike barazani kwake kabla ya msimu, pamoja na mama zao wanaowaletea wateja, awape nusu saa ileile anayowapa vijana, na aongeze mstari mmoja kuhusu piko na mwingine kuhusu bahari katika karatasi yake. Alisema atalifikiria la kwanza. Mistari miwili aliiandika palepale kwa kalamu, kwenye nakala tuliyoondoka nayo.